Jinzi za Kijapani: Namna ya Kuzichagua, Kuzipima, Kuziloweka na Kuzitunza

Anayetaka kununua jinzi ya Kijapani kwa mara ya kwanza hukutana na bei kabla hajakutana na kitambaa. Suruali moja iliyoshonwa Kojima au Osaka huuzwa kwa kawaida kwa zaidi ya yeni 20,000, na hapo bado hujalipia usafirishaji wala ushuru wa forodha. Kwa fedha hizo mnunuzi hupewa suruali ngumu, yenye rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, inayochuja rangi mikononi, na ambayo pengine itarudi, yaani itasinyaa, kwa sentimita kadhaa siku itakapoingia majini. Asiyejua anachokinunua huona ameuziwa kitu kibovu. Ukweli ni kwamba jinzi ya namna hii huuzwa ikiwa haijakamilika, na kazi ya kuikamilisha ni ya mvaaji mwenyewe. Maelezo yafuatayo yanafuata mpangilio wa kazi hiyo, kuanzia kitambaa hadi kiraka.

Hatua ya kwanza: jua kitambaa kimetoka wapi

Jina la chapa lililoshonwa kiunoni ni la mbunifu au mshonaji, ilhali kitambaa mara nyingi kimetoka kwa mfumaji mwingine, na huyo ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya ubora. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni kiwanda gani kilichofuma, wala si suruali imevaliwa na nani.

Majibu mengi yatakupeleka magharibi mwa Japani, kwenye mikoa ya Okayama na Hiroshima. Kojima, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Kurashiki mkoani Okayama, zamani ilikuwa kisiwa. Ardhi iliyopatikana kwa kuisukuma bahari nyuma ilikuwa na chumvi iliyoushinda mpunga, lakini pamba iliistahimili. Kutokana na pamba hiyo wenyeji wakaingia katika ufumaji wa mikanda na vitambaa vizito, kisha katika ushonaji wa sare za shule, ambazo Kojima ilizitoa kwa wingi kwa nchi nzima. Mashine za kushonea vitambaa vizito na mafundi wa kuziendesha walikuwapo tayari pale kampuni ya Maruo, inayofahamika zaidi kwa chapa yake ya Big John, ilipoanza mwaka 1965 kushona jinzi kwa kitambaa kilichoagizwa kutoka Marekani. Japani haikuwa na dangirizi, yaani kitambaa cha jinzi, yake yenyewe mpaka mwaka 1973, kiwanda cha Kurabo kilipotoa kitambaa kilichopewa jina la KD-8.

Upande wa Hiroshima, katika mji wa Fukuyama, kiwanda cha Kaihara kilianza mwaka 1893 kikifuma kasuri, kitambaa cha jadi kilichotiwa nili. Mwaka 1970 kilijiundia mtambo wake wa kutia rangi nyuzi zilizosokotwa kuwa kamba. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana: waliotia rangi jinzi za mwanzo za Kijapani walikuwa wameishi na nili kwa vizazi kadhaa. Ukiona majina kama Kaihara, Kuroki au Nihon Menpu katika maelezo ya suruali, hayo ni majina ya viwanda, na viwili vya mwisho vinapatikana Ibara, mkoani Okayama.

Kundi la pili la majina ni la washonaji wa Osaka, ambao wapenzi wa jinzi huwataja kwa pamoja kama watano wa Osaka: Studio D'Artisan ya mwaka 1979, Denime, Evisu, Fullcount na Warehouse. Hawa walitaka kuzirudisha jinzi za Kimarekani za miaka ya 1940 na 1950 wakati viwanda vya Marekani vilikuwa vimekwisha kuhamia kwenye mitambo mipana na ya haraka. Fullcount, iliyoanzishwa na Mikiharu Tsujita mwaka 1992, inajulikana kwa kutumia pamba ya Zimbabwe, ambayo nyuzi zake ni ndefu na huchumwa kwa mkono. Pamba ndefu husokotwa kuwa uzi imara bila kukazwa sana, na ndiyo maana kitambaa chake huwa laini mapema. Wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki hawajui kwamba suruali inayosifiwa kwa Ujapani wake inaweza kuwa imeanzia shambani kusini mwa bara hili hili.

Hatua ya pili: soma kitambaa kwa macho na vidole

Geuza mguu wa suruali nje ndani. Uso wa nje ni wa buluu na wa ndani unaelekea weupe, kwa sababu ni nyuzi za mtande tu, yaani zile za wima, zilizotiwa rangi, na mshindio, yaani uzi wa mlalo, umeachwa kama ulivyo. Kila uzi wa mshindio hupita juu ya mtande mmoja na chini ya mitande mitatu, hivyo mtande hutawala upande wa nje na kuchora ile mistari ya mshazari. Mistari ikipanda kuelekea kulia, huo ndio ufumaji wa kawaida. Ikipanda kuelekea kushoto, kitambaa huwa laini zaidi na kupauka kwake hufuata michirizi ya wima.

Sasa chomoa uzi mmoja wa buluu mahali palipokatwa, kama ndani ya mfuko, kisha ukate kwa mkasi na utazame ncha yake. Katika jinzi nzuri utaona kiini cheupe kilichozungukwa na duara la buluu. Hapo ndipo siri yote ya kupauka ilipo. Nili haiyeyuki katika maji matupu. Inabidi ibadilishwe kikemikali iwe na rangi ya kijani-njano, na hapo ndipo inaposhika pamba, kisha hewa huirudisha kuwa buluu. Mia kadhaa za nyuzi husokotwa kuwa kamba moja, kamba huzamishwa kwa sekunde chache na kutolewa hewani, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi. Kwa kuwa kila mzamisho ni mfupi, rangi hujenga tabaka juu ya tabaka nje ya uzi na kiini hubaki cheupe. Kila unapokaa, kupiga magoti au kutia simu mfukoni, tabaka la nje husuguliwa na weupe huchungulia. Uzi uliolowa rangi mpaka ndani hauwezi kufanya hivyo. Huo huzeeka kwa kufifia wote kwa pamoja.

Baadhi ya wauzaji watakuambia kuwa nili yao ni ya mimea, hasa ile ya Tokushima, ambako majani hukaushwa na kuchachushwa kwa takriban siku 100 kabla ya kutumika. Nili ya namna hiyo ipo kweli na bei yake hupanda ipasavyo. Hata hivyo jinzi nyingi zilizoijengea Japani jina zimetiwa nili ya viwandani, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1897. Kwa maoni yangu mnunuzi wa mara ya kwanza hana sababu ya kulipia nili ya mimea.

Kisha tazama ukingo. Ukikunja pindo la mguu wa jinzi ya namna hii, utaona kwenye mshono wa nje kingo mbili nyembamba nyeupe, mara nyingi zenye uzi mwekundu katikati. Huo ndio ukingo wa selveji, yaani ukingo uliofungwa na mfumo wenyewe badala ya kukatwa na kupigwa ovaloki. Hutokea kwenye mitambo ya zamani ambayo uzi mmoja wa mshindio huenda na kurudi bila kukatika. Mingi ya mitambo hiyo nchini Japani ni ya Toyoda, nyumba ile ile iliyokuja kuzaa magari ya Toyota, baada ya Sakichi Toyoda kukamilisha mtambo wake wa kufuma wa aina ya G mwaka 1924 na haki zake kuuzwa kwa Platt Brothers ya Uingereza mwaka 1929. Simulizi kwamba Wajapani walinunua mitambo yote ya Wamarekani inapendwa sana na wauzaji, lakini mitambo mikongwe inayofuma dangirizi huko kwa sehemu kubwa ni ya Kijapani tangu asili.

Mtambo huo hutoa kitambaa chenye upana wa karibu sentimita 75 hadi 80, nusu ya kile cha mtambo wa kisasa, na suruali moja hula takriban mita 3 za urefu wake. Unafuma polepole na kuacha uzi ulegee kidogo, kwa hiyo kitambaa huwa na uso usio sawa, mnene hapa na mwembamba pale, ambao kidole huuhisi kabla jicho halijauona. Uzi huo mwekundu, hata hivyo, haujawahi kuwa hati ya ubora. Siku hizi kuna selveji ya bei rahisi iliyofumwa kwa pamba fupi na kutiwa rangi haraka haraka, yenye uzi mwekundu uleule. Anzia kwenye kiini cha uzi na uso wa kitambaa. Ukingo uwe wa mwisho.

Hatua ya tatu: chagua uzito kulingana na unakoishi

Uzito hupimwa kwa wakia kwa kila yadi ya mraba, na kwenye lebo huandikwa kwa herufi oz. Wakia 14 ni sawa na takriban gramu 475 kwa mita ya mraba. Kwa mkazi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, wakia 11 hadi 13 zinatosha, na anayeshauri zaidi ya hapo hajapanda daladala saa nane mchana mwezi wa Februari. Kwa Nairobi, Arusha, Mbeya au Bukavu, wakia 14 hadi 16 huvalika mwaka mzima. Wakia 21 ni kitu kingine kabisa: kampuni ya Iron Heart ilivijengea jina vitambaa vizito vya namna hiyo kwa ajili ya waendesha pikipiki, na pengine dereva wa bodaboda wa Njombe angeelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote kwa nini vipo.

Hatua ya nne: uliza kama kitambaa kimezuiwa kurudi

Mapema katika karne iliyopita Mmarekani Sanford Cluett alibuni njia ya kukisukuma kitambaa kijikunyate kwa mvuke na mashine kabla ya kushonwa, na tangu hapo dangirizi nyingi hupitishwa huko. Kitambaa cha aina hiyo hurudi kwa asilimia 1 hadi 3 tu. Kisichopitishwa huko huweza kurudi kwa karibu asilimia 10, na mguu wake hujipinda ukizunguka goti kwa sababu ya mshazari wa ufumaji. Wapo wanaoupenda mpindo huo. Wasioutaka watafute kitambaa kilichozuiwa kurudi, au suruali iliyokwisha kuoshwa mara moja kiwandani, ambayo vipimo vyake vinaaminika.

Dalili moja ya haraka ni mbele ya suruali. Kitambaa kinachorudi sana kwa kawaida huwekewa vifungo badala ya zipu, kwani zipu haisinyai pamoja na kitambaa na huacha sehemu hiyo ikiwa na mawimbi.

Hatua ya tano: pima suruali, usiiamini namba

Namba ya kiuno kwenye lebo ya jinzi ya Kijapani haitoshi kwa kuagizia. Chukua suruali uliyonayo inayokukaa vizuri, ifunge vifungo, ilaze juu ya meza na uinyooshe bila kuivuta. Pima kiuno kutoka ukingo hadi ukingo na uzidishe kwa mbili. Pima paja sentimita chache chini ya msamba. Pima goti, upana wa pindo, umbali wa kutoka msamba hadi kiunoni kwa mbele, na urefu wa ndani wa mguu. Linganisha na jedwali la muuzaji, na kabla ya kulinganisha uulize kama vipimo vyake ni vya kabla au baada ya kuoshwa. Swali hilo moja huokoa fedha nyingi, maana kurudisha mzigo Osaka ni ghali.

Ukubali kiuno kinachobana kidogo siku za mwanzo, kwa kuwa pamba isiyo na mpira hulegea kwa sentimita 2 au 3 baada ya majuma machache. Usikubali paja wala msamba unaobana. Huko hakulegei kiasi cha kutosha, na ndiko suruali huchanikia.

Hatua ya sita: kagua ushonaji

Tafuta mishono iliyokunjwa na kushonwa mara mbili kwenye msamba na nyuma ya kiuno, ribiti za shaba, yaani vile vipini vya chuma vinavyobana pembe za mifuko, zilizokaa imara, na kitambaa cha mifuko kisichoonyesha mwanga. Mifuko ya nyuma katika jinzi nyingi za mtindo wa zamani ina ribiti zilizofichwa kwa ndani. Chini ya mguu tazama kama pindo limeshonwa kwa mshono wa mnyororo, ambao kwa ndani huonekana kama vitanzi vilivyoshikana. Mafundi wa Kijapani huusifu mshono huo unaposhonwa kwa mashine kongwe za Union Special za aina ya 43200G, kwa sababu huvuta kitambaa kidogo na baada ya kufuliwa pindo hupauka kwa mikunjo ya mshazari inayofanana na kamba.

Anayenunua mtumbani au kwa muuzaji asiyemjua ajihadhari na Evisu. Alama yake ya rangi iliyopakwa kwenye mifuko ya nyuma imeigwa duniani kote, na nakala nyingi hutambulika papo hapo ukigeuza mguu: hakuna selveji, ni ovaloki tupu, na uzi uliochomolewa ni wa buluu mpaka kiini.

Hatua ya saba: iloweke kabla ya kumpelekea fundi

Suruali ambayo haijazuiwa kurudi lazima ilowekwe kwanza. Funga vifungo vyote, igeuze nje ndani, uizamishe katika beseni kubwa la maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, bila sabuni. Ikandamize isielee, uigeuze mara mbili tatu, na uiache kwa muda wa saa nzima. Maji yatageuka buluu. Kaniki ndiyo mwendo wake, wala si dalili ya ubovu. Kama kipande cha nyuma ya kiuno ni cha ngozi, kipake mafuta ya ngozi kabla, au ukiache nje ya maji, kwani ngozi husinyaa na kukauka kwa maji ya moto mpaka ikapasuka.

Usiikamue kwa kuisokota. Itundike kivulini ichuruzike, na ikiwa bado na unyevu kidogo, ivae nyumbani kwa muda ili kiuno na magoti yachukue umbo lako. Kisha iache ikauke kabisa na urudie mara moja zaidi, kwani kurudi kwa kitambaa hakumaliziki kwa loweko la kwanza. Kwa jinzi iliyozuiwa kurudi, loweko moja la maji ya kawaida latosha kutoa wanga uliotumika kuikaza.

Baada ya hapo tu ndipo mguu ukatwe. Fundi wa mtaani asiye na mashine ya mshono wa mnyororo anaweza kuifanya kazi hii vizuri kwa cherehani ya kawaida, mradi atumie sindano namba 16 au 18 na uzi mnene. Penye makutano ya mshono wa pembeni na pindo huwa na tabaka nyingi, na sindano hukatikia hapo. Mwombe apagonge kwa nyundo juu ya kipande cha mbao mpaka pawe bapa, kisha apite kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, mshono kwa mshono. Fundi aliyezoea kushona mikoba ya turubai hatahitaji kuambiwa.

Hatua ya nane: vaa, na ufue

Siku za mwanzo nili itahamia kwenye viatu vyeupe, kochi la rangi hafifu na shati lililochomekwa. Vaa na vitu vyeusi au vyenye rangi iliyokolea mpaka itulie.

Kuhusu kufua, kuna wanaohubiri kwamba jinzi ikae miezi sita au mwaka bila kuguswa na maji ili michoro ya kupauka iwe mikali. Katika baridi kavu shauri hilo linavumilika. Kwenye joto la pwani ni shauri baya, kwani jasho na mchanga vilivyonasa kwenye msamba husugua na kudhoofisha nyuzi mpaka kitambaa kikachanika kabla hakijapauka. Fua inaponuka au inapochafuka, na mwenye kuivaa kila siku atajikuta anafua kila baada ya majuma machache. Tumia maji baridi na sabuni ya maji isiyo kali, suruali ikiwa imegeuzwa nje ndani, uisuguesugue kwa mikono tu. Epuka sabuni za unga zenye viangaza weupe na uikatae kabisa dawa ya kutoa madoa yenye klorini. Ukimpa dobi, mwambie waziwazi asitumie brashi wala asiipige jiweni, na aianike kivulini, kwa sababu jua kali hupausha kitambaa chote na kufuta tofauti unayoingojea kati ya mikunjo na sehemu nyingine.

Hatua ya tisa: tengeneza kabla ya kuchanika

Tundu la msamba hutoa taarifa mapema. Buluu hufifia, kisha huonekana nyuzi nyeupe zilizolala upande mmoja kama ngazi, maana mtande umekatika na mshindio umebaki peke yake. Mpelekee fundi katika hali hiyo. Awekee kipande chembamba cha pamba kwa ndani, kisha apitishe cherehani mbele na nyuma kwa kufuata mwelekeo wa mtande, kwa uzi wa buluu unaokaribiana na rangi ya mahali hapo, mistari ikiwa karibu lakini isiyobanana mpaka pakawa pagumu. Jinzi nyingi zinazoiga za zamani zimeshonwa kwa uzi wa pamba tupu, ambao hupauka vizuri lakini hukatika mapema. Mshono ukiachia kwenye msamba au kiunoni, uzi wa poliesta uliofunikwa kwa pamba unafaa zaidi.

Kwa goti lililokwisha kutoboka, kipande cha jinzi kuukuu yenye uzito uleule au mwepesi kidogo ndicho bora. Kiraka hicho kifuliwe kabla hakijashonwa, kwani kikirudi baadaye kitavuta kitambaa cha zamani na kukichana pembezoni mwa mshono.